Unga wa Vidonge

Beni, 9 Machi 2025

Jambo yako, Baba mdogo, na jambo ya Mama Florentine, ya mdogo wangu Nadège, na ya wote wanaosubiri zamu mlangoni pa mashine yako ya kusaga. Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile, mwenye nyumba ni yuleyule, na mvua imeanza tena kuingia kwenye ile kona uliyoiziba kwa kipande cha bati ulipokuja Noeli. Kaka Lusenge alipita hapa Jumanne akitoka Kasindi na lori la sabuni. Amenenepa. Anasema huko nyumbani mnalalamika kwamba mtoto wenu Bénite hapigi simu siku hizi.

Ni kweli sipigi. Usikasirike. Kwenye simu mtu hajui nani amesimama nyuma yake, na ujumbe ukishatumwa unaweza kuonyeshwa kwa mwingine hata baada ya miaka miwili. Karatasi unaisoma, kisha unaitia motoni. Naomba ufanye hivyo. Barua hii nitampa Kasonia, dereva wa basi dogo la Butembo. Nilipomwomba alicheka: “Barua? Mademoiselle, tuko mwaka gani? Na stempu niibandike wapi, ku kipaji ya uso?” Lakini amekubali kuichukua.

Uliuliza kupitia Lusenge ninafanya kazi gani hasa. Mimi si mganga, na vikopo sivishiki. Ni karani. Makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu yanafika hapa maabara kutoka pande zote, wenzangu wanayapima, mimi naandika namba na jina kwenye daftari, napiga jibu kwenye kompyuta, nalitia kwenye signataire, ile folda kubwa ya karatasi zinazosubiri sahihi. Chef anasaini, nagonga muhuri, jibu linaondoka. Bila sahihi halitoki. Mwezi wa pili mwenzangu Élisée alimwambia mama mmoja jibu lake getini kabla ya sahihi, kwa sababu mama yule alikuwa akilia. Jumatatu meza ya Élisée ilikuwa tupu. Chef akaja kusimama mbele yangu akasema polepole: “Mademoiselle, hapa kitu kikitoka bila sahihi yangu, kinatoka pamoja na aliyekitoa.”

Kipimo cha haraka, kile mlicho nacho Butembo, kinauliza habari za dawa moja tu. Cha hapa kwetu kinauliza na ya pili. Lakini tangu vita ifunge njia ya Goma, iliko maabara kubwa, majibu ya hiyo dawa ya pili hayana pa kuhakikishwa, na Chef ameagiza yakae kwenye folda ya kijani mpaka njia ifunguke. Majina nayaona kila nikifungua kabati. Siwezi kukuandikia jina lolote.

Acha basi nikueleze kitu cha shule, kwa kuwa ni wewe uliyetaka nisome biolojia. Unakumbuka mkanda wa mashine ulipokuchana kidole, nikakumwagia eau oxygénée, ile dawa ya kuoshea vidonda, likatoka povu jeupe, ukapiga kelele kwamba dawa inakupika nyama? Povu lile lilitokana na wewe mwenyewe. Ndani ya mwili wako mna kimeng'enya, kitu kidogo mno kinachosaga maji yale makali na kuyageuza kuwa maji ya kawaida na hewa. Kijidudu cha kifua kikuu nacho kina mashine ya namna hiyo. Askari wa mwili wetu wanakimwagia maji makali, nacho kinayasaga na kubaki hai. Mashine yenyewe ni mnyororo wa shanga zaidi ya mia saba, uliojikunja ukafanya mdomo, na njia nyembamba, na ndani kabisa chembe ya chuma mahali pa kusagia. Ule mkunjo ukiwa hivi, inasaga hiki. Ukiwa vile, inasaga kile. Hakuna mtu anayeiamuru, ni umbo lake tu.

Sasa sikia ujanja. Mojawapo ya dawa anazomeza Nadège kwa kifua chake, ikiingia kwenye kijidudu, haina ubaya. Inaingia kama hindi zima. Ni kijidudu chenyewe, kwa mashine yake mwenyewe, kinachoisaga, na unga wake ndio unaokiua.

Nadège alianza vidonge tarehe 13 Januari. Kwa hesabu yangu, Ijumaa hii watamtoa kwenye dawa nne wamwache kwenye mbili. Je, wamesema hivyo? Anakohoa bado? Usimwambie kwamba nimeuliza.

Mtoto wako,
B.


Mususa, Butembo, 23/3/2025

Mutoto wangu Bénite,

Jambo yako. Sisi tuko, Mungu anatusaidia. Mama yako Florentine alienda Kasugho kuangalia shamba, akarudia katikati ya njia juu batu balimuambia kule hakuna mutu analala tena. Donc basi mihogo yetu ya kule njo ya nguruwe ya pori. Mulin inazunguka, lakini mazuti ya injini inakosekana kila juma, siku zingine tunasaga saa mbili tu tunafunga.

Barua yako sikuichoma. Nilisoma peke yangu, kisha nikaita Nadège, akaisoma kwa sauti, na pale kijidudu kinajisagia sumu yake, tulicheka mpaka akakohoa. Sasa kila mutu anayekuja na beseni yake ninamuambia: “Unajua kama kijidudu nacho iko na mulin?” Bananiita Profesa. Mama mumoja akaniuliza: “Na yeye, Profesa, mazuti anapataka wapi?”

Nadège, ndiyo, tarehe 14 balimupunguzia. Zilikuwa ine, sasa ni mbili. Infirmier, ule muuguzi wa vidonge, alisema makohozi bado inaonyesha vijidudu kidogo, mais pengine ni maiti tu. Tulifurahi, tukachinja jogoo. Anakohoa kidogo, asubui. Paja lake moja la jogoo alikuwekea wewe, tukamuuliza utafika siku gani, akasema: “Basi nitamulia mimi.”

Wewe usijisumbue na ya hapa. Tangu baba yako na mama yako batuachie wewe, niliomba kitu kimoja: nikuone umeketi ku bureau, na meza yako, na muhuri. Mu familia yetu hakuna mwingine. Chef wako ni mukali? Njo vizuri. Fanya anachosema, usichezee kazi.

Baba yako mudogo,
Sikuli


Beni, Pasaka, 20 Aprili 2025

Jambo yako, Baba mdogo, na heri ya Pasaka kwenu wote. Hapa kanisa lilijaa mpaka nje. Kwaya ya vijana iliimba vizuri, umeme ukakatika katikati, wakaendelea bila kinanda. Nina nguo mpya, ile ya kitenge alichonitumia Mama Florentine. Mwambie imenikaa.

Barua yako niliipata tarehe 30 Machi. Nimeanza kuijibu mara nne.

Nilikueleza mashine ya kijidudu, lakini sikumaliza. Kuna vijidudu ambavyo katika mnyororo wao shanga moja imebadilika. Moja tu kati ya mia saba na arobaini: ile ya mia tatu na kumi na tano. Iliyokaa mahali pake inafanana nayo kama pacha, ila imezidi kinundu kimoja, kaboni moja na hidrojeni zake. Basi ni hicho tu. Lakini kinundu hicho kimekaa pabaya, kwenye njia ya mdomoni, na njia inabana. Yale maji makali ni madogo kama ulezi, yanaendelea kupita na kusagwa, kwa hiyo kijidudu kinajikinga karibu kama zamani. Dawa ni kubwa kama hindi. Inafika mlangoni, haifiki mahali pa kusagia, inabaki hindi zima. Mgonjwa anameza kila siku, kwa uaminifu, na hakuna unga.

Zikiwa dawa nne, zile tatu zinambeba. Zikiwa mbili, inabaki moja inayopigana peke yake. Ikiwa peke yake haidumu: baada ya miezi kadhaa kijidudu kinapata njia ya kuikwepa nayo.

Nakuandikia hili kama jambo la vitabu.

Samahani kwa mstari nilioufuta hapo juu. Haukuwa na maana, nilikuwa nimechoka.

Nadège anakula? Anapanda kile kilima cha kisimani bila kupumzika? Niandikie ukweli. Na tafadhali, barua hizi usiziweke.

Mtoto wako,
B.


Mususa, Butembo, 25/5/2025

Mutoto wangu Bénite,

Jambo yako. Mama Florentine anakusalimia. Lusenge amepata mutoto mwanaume kule Kasindi, bamemuita Ariel, banasema ana masikio yangu, maskini.

Barua yako ya Pasaka imenifikia tarehe 11 ya mwezi wa tano. Kasonia alikamatwa nayo ku barrière ya barabara. Askari aliifungua, akasoma shanga, akasoma mulango unabana, akasoma inapigana peke yake, akasema: “Oyo code, hii siri, ya nani?” Kasonia akajibu ni barua ya mutoto wa mwenye mulin. “Mulin gani iko na shanga? Unaniona mujinga?” Balishika karatasi majuma tatu. Kasonia anasema mara ingine umwandikie mapenzi kama batu bengine, hiyo inapita bila shida.

Mu yale majuma tatu kulipita mambo hapa. Sikutaka kukuandikia, mais Nadège amesema kama siandiki ataandika yeye.

Kisha ya Pasaka kikohozi kilirudi na damu. Infirmier akapima, vijidudu vimejaa. Akamuangalia Nadège mbele ya mustari wote wa bagonjwa: “Wewe, vidonge unatupaka wapi? Ku choo ao ku majani?” Nadège akasema anameza. “Mutu anayemeza anapona. Wewe haujapona, donc haumezi.” Mimi nilikuwa nimesimama pale, Bénite. Sikumutetea. Nilimukumbuka akiwa mudogo, alikuwa anaficha kwinini chini ya mukeka, na wewe ulikuwa unamusaidia kuficha. Tarehe 27 nikamupeleka mbele ya bazee ba kanisa, akaweka mukono ku Biblia. Hakulia. Alisema neno moja: “Nimemeza.” Mama Kahongya wa kwaya akasema huko nyuma, tukasikia wote: “Na kifua kinasema ingine.”

Tangu ile siku Nadège hanisemeshi. Nikimuuliza ananijibu, njo tu.

Kisha barua yako ikafika. Niliisoma mara tatu, nikapiga meza na mukono. Mutoto hakudanganya! Mudomo njo umebana! Na mimi niko ku mulin tangu miaka makumi mbili na moja: hindi ikikataa kupita, unafanya nini? Unaiponda kwanza. Tangu tarehe 12 naponda vidonge vyake mimi mwenyewe, ku kinu kidogo cha pilipili, laini kama poda ya mutoto muchanga, namupa ndani ya uji wa moto. Sasa mudomo ubane unavyotaka, itapita. Na ninaona na macho yangu anameza, donc hakuna mutu atasema tena kitu. Nakushukuru sana. Bila masomo yako tusingejua.

Amepunguka kidogo. Kilo hatukupima.

Ule mustari ulioufuta, tuliinua karatasi ku jua, mimi na yeye. Tulisoma neno moja tu: jibu. Jibu ya nini?

Baba yako mudogo,
Sikuli


Beni, 6 Juni 2025

Baba mdogo, jambo yako. Nisamehe, salamu nitazileta siku nyingine.

Acha kuponda. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma, mwambie Mama Florentine aondoe kile kinu.

Mashine ninayoisema haiko tumboni mwa Nadège. Iko ndani ya kijidudu, na vijidudu elfu nzima havijazi tundu la sindano. Kidonge kikifika tumboni kinayeyuka chenyewe, kinakuwa chembe mojamoja zisizoonekana. Chembe hiyo moja ndiyo hindi niliyokuandikia. Hakuna kinu duniani cha kuiponda, na ikipondeka si dawa tena. Nao uji unaipunguzia nguvu ile dawa nyingine, nyekundu, ambayo ndiyo pekee inayompigania.

Kosa si lako. Wewe ulifanya anachofanya mwenye mashine anapoambiwa kwamba mdomo umebana. Mimi ndiye niliyekuandikia mahindi na ulezi badala ya kukuandikia jina.

Jina ni Nadège. Jibu lake la dawa ya pili lilitoka hapa Jumatatu tarehe 3 Machi, siku kumi na moja kabla ya kumpunguzia. Nililipiga mwenyewe kwenye kompyuta. Nilisoma jina, nikasoma mwaka wa kuzaliwa, nikasoma Mususa. Nikatoka nikanawa mikono, nikarudi, nikaendelea na namba iliyofuata. Jioni nikaitia karatasi kwenye folda ya kijani pamoja na nyingine. Nilijiambia amri ni amri. Nilijiambia jina la ukoo ni moja, watajua mara moja nani amelitoa. Nilijiambia njia ya Goma itafunguka juma lijalo. Nilijiambia Baba mdogo ni mtu mwerevu, nikimweleza mashine ataelewa. Mstari niliofuta ulisema: nenda kwa muuguzi umwulize kama kuna jibu la pili lililobaki Beni. Niliuandika nikausoma, nikaiona meza ya Élisée pale, nikaufuta mpaka karatasi ikachanika.

Nyuma ya barua yako Nadège ameandika kwa kalamu ya risasi, labda hukuona. “Unga ni muchungu kuliko kidonge. Bénite, wewe unajua nini?”

Jumatano niliitoa karatasi yake kwenye folda ya kijani, nikaichomeka kwenye signataire, kati ya bon, hati ya kuchukulia mafuta ya gari, na ombi la likizo la mlinzi. Chef alikuwa kwenye simu, anagombana na mtu juu ya tairi la jeep: “Hapana, hapana, mais hiyo tairi ni ya zamani, unaniona mimi mtoto?” Alisaini karatasi kumi na nne. Ya Nadège ilikuwa ya tisa. Hakuisoma. Baba mdogo, hakusoma hata moja.

Ningeweza kuichomeka hapo tarehe 4 Machi. Miezi mitatu nimemwogopa mtu asiyesoma.

Jibu ni hili, lina sahihi na muhuri. Mpelekee muuguzi siku utakayolipata. Dawa za kubadilisha zipo. Mwambie Nadège...



B.


Mususa, Butembo, 29/6/2025

Bénite,

Karatasi ilinifikia tarehe 8, nikaipeleka kesho yake mulango haujafunguliwa bado. Infirmier aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza ilitoka lini. Nikamuonyesha tarehe na kidole. Akavua miwani yake. Hakusema tena mambo ya choo.

Balipima upya na ile mashine ya haraka. Dawa nyekundu nayo haifanyi kazi tena. Mwezi wa kwanza ilikuwa inafanya, karatasi ya mwezi wa kwanza tuko nayo ndani ya Biblia. Donc ni hapa katikati njo ilishindwa, ikipigana peke yake, na mimi nikiikoroga ndani ya uji.

Sikuandikii juu ya kukutukana. Nilitafuta matusi, nikajikuta mimi njo wa kwanza ku liste. Wewe ulinyamaza. Mimi niliongea, na mbele ya kanisa nzima.

Jumapili ya tarehe 22 nilimuomba pasta wetu ruhusa kisha ya matangazo. Nilisimama nikainua karatasi nikasema: mutoto wangu alimeza vyote, hakutupa hata kimoja, mimi njo nilimufanya mwongo. Mama Kahongya akaangalia viatu vyake. Nadège hakuwako. Nilimuomba aje, akaniambia: “Baba, siku ile ulinipeleka na miguu yangu. Mara hii enda na ya kwako.”

Tarehe 7 ya mwezi wa saba banamuleta Beni, ku pavillon ya batu ba dawa za muda murefu. Baliniambia iko nyuma ya maabara, mu uwanja wenu. Banasema dawa mupya zinaweza kumuponyesha kama mwili utashika. Wakati wa jogoo alikuwa na kilo makumi ine na tisa. Sasa ni makumi tatu na saba. Ile niliyokuandikia, amepunguka kidogo, haikuwa kweli.

Barua zako, Nadège iko nazo mu sakoshi, mukoba wake. Hakuna iliyochomwa. Nilimuuliza kama anataka uende kumuona. Akasema: “Akuje aniambie ile hadithi ya mulin. Mais mara hii aseme jina yangu tangu mwanzo.”

Sikuli


Beni, 20 Julai 2025

Jambo yako, Baba mdogo, kama bado unapokea jambo yangu. Jambo ya Mama Florentine. Habari za kwangu hakuna, nitakuandikia za Nadège.

Kutoka dirisha la bureau yangu mpaka pavillon, wodi yao, ni hatua sitini na mbili. Nilizihesabu kwa macho siku tisa kabla ya kuzitembea. Nilimwona akifika tarehe 7, akishikwa mkono na Kasonia, na sakoshi yake ya bluu. Nilirudi nyuma ya pazia.

Jumatano nikaenda. Wagonjwa wanapokea wageni nje, kwenye upepo, mgeni kwenye benchi lake na mgonjwa kwenye lake, wote na barakoa. Alinitazama kuanzia miguuni.

“Hiyo njo kitenge ya mama?”

“Ndiyo.”

“Imekukaa. Mimi yangu sasa inaweza kunizunguka mara mbili.” Kisha akasema: “Haya. Sema.”

Nikaanza: “Kuna kijidudu ambacho ndani yake...”

“Hapana. Jina.”

“Nadège,” nikasema. “Ndani ya kifua chako, Nadège, mna kijidudu, na ndani yake mna mashine yenye mdomo.” Nikamweleza yote, shanga, kinundu, hindi na ulezi, tarehe 3 Machi, folda ya kijani. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu aliyokwisha kuambiwa na wengine.

“Kinundu ni kimoja tu?”

“Kimoja.”

“Na wewe, kwako nini ilibana?”

“Woga.”

“Woga ya nani?”

“Ya Chef.”

“Yule wa tairi?” Akaanza kucheka. Alicheka kweli, Baba mdogo, kicheko chake kile cha zamani, mpaka kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha, muuguzi akatoka kuangalia. Nilisimama kwenda kumshika. Akaninyooshea mkono nikae mbali.

Pumzi iliporudi aliniuliza: “Ile siku ninaapa, wewe ulikuwa wapi?”

“Hapa Beni. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nafua.”

“Na ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

Akatikisa kichwa, mara moja. Nilifikiri tumemaliza. Nilikuwa nimeshika kamba ya mkoba wangu niondoke.

“Mu ile folda ya kijani,” akasema, “tulikuwa bangapi?”

Nikamwambia kumi na wawili.

“Na bale kumi na mumoja?”

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Mlangoni akasema bila kugeuka: “Umuandikie baba kama ulikuja. Na uweke jina yote. Si ile herufi moja yako.”

Baba mdogo, nilipoitoa karatasi ya Nadège mwezi uliopita, zile nyingine nilizisogeza kando kwa mkono wangu, nikafunga kabati. Nilimtoa wa kwetu. Hao wengine sikuwawaza hata kidogo, mpaka aliponiuliza yeye.

Ijumaa nimezitoa zote kumi na moja. Ziko mbele yangu ninapoandika. Kesho Chef anasaini saa nne. Sitazichomeka kati ya bon za mafuta, nitazipanga juu, na akiniuliza ni nini nitamwambia. Usiniulize kama naogopa. Inawezekana kesho jioni meza yangu itakuwa tupu kama ya Élisée, na wewe utakuwa umeomba bure. Nisamehe hilo nalo.

Nimelinganisha namba za karatasi hizo na madaftari mengine. Karatasi tatu kati ya kumi na moja nimezikuta kwenye daftari la waliofariki: mmoja wa Lubero, wawili wa hapa Beni. Nilitaka kuziacha kabatini, kwa sababu hazimsaidii tena mtu. Kisha nikazirudisha juu ya nyingine. Nazo zinahitaji sahihi na muhuri, zifike makwao. Huko kuna watu ambao mpaka leo wanasema yule hakumeza.

Kahambu Bénite,
karani wa maabara, Beni